"Huko kwenu kuko shwari?" Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la Kigoma, watalii na nyumba za wageni wa siku chache

Napangisha nyumba mbili kwa wageni wa siku chache, moja Katubuka na nyingine Bangwe kwa kuelekea ziwani. Kwenye simu yangu huingia watu wa namna mbili. Kuna mgeni anayeuliza, "Ndugu, huko kwenu kuko shwari?" Halafu kuna mwenye nyumba mwenzangu anayeuliza mbona kalenda yake iko wazi mwezi mzima. Nimechoka kuandika majibu yaleyale kila usiku, kwa hiyo nimeyaweka hapa.

Kwani Kigoma inajulikana kwa lipi?

Inategemea unamuuliza nani. Mtu wa Dar atakwambia mwisho wa reli, dagaa, mawese, halafu atacheka na kuongeza uchawi. Dereva wa lori mwenye mvi atakumbuka enzi ambazo basi la Mwanza halikukatiza mapori ya Biharamulo, Kibondo na Kasulu bila askari wenye bunduki ndani. Mzungu amesoma habari za sokwe wa hifadhi ya Gombe na za Stanley kumkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Kisha anafungua ramani: ng'ambo ya ziwa ni Congo, kaskazini ni Burundi, na wilayani Kasulu ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Hapo ndipo anapoanza kuuliza.

Hayo yote yana asili ya kweli. Ujambazi wa barabarani ulikuwepo. Wakimbizi walikuja: Mei 2015 Warundi kwa maelfu walirundikana katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma mjini. Picha za siku zile zilizunguka dunia na bado zipo. Mtu akitafuta "Kigoma" kwenye simu leo anazikuta zimekaa jirani na picha za sokwe. Ukimbizi si uhalifu, ila jicho la mtu aliye mbali halina muda wa kutenganisha. Kinachonikera ni kwamba jina la mji huendelea na kazi hata sababu yake ikishastaafu.

Jina baya linapunguza wageni kweli, au ni visingizio vya wenye nyumba?

Linapunguza. Tazama majirani zetu wa Mombasa. Baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, na milipuko iliyofuata, Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasiende Mombasa bila sababu ya lazima. Mamia ya watalii waliokuwa tayari hotelini walirudishwa kwao kwa ndege, na safari za miezi iliyofuata zikafutwa. Mahoteli ya pwani yakafungwa, wapishi na wahudumu wakarudi makwao. Ushauri ule ulilegezwa Juni 2015, yaani mwaka mzima baadaye. Fikiria mwaka mzima bila mgeni huku mkopo wa benki unadai.

Florida nayo, huko Marekani, ilipitia kitu cha namna hiyo mwaka 1992 na 1993, watalii kadhaa wa kigeni walipouawa. Wahalifu walikuwa wakizitambua gari za kukodi kwa alama iliyokuwa kwenye vibao vyake vya namba. Jimbo lilisimamisha matangazo yake ya utalii kwa muda, na alama ile ikaondolewa. Jambo hilo la vibao nimelibeba hadi Katubuka: geti langu halina bango la "apatimenti", na funguo ninazompa mgeni hazina jina la nyumba wala namba.

Sisi wenyewe tuna mfano wetu, ambao vijana wengi wa hapa hawaujui. Usiku mmoja wa Mei 1975 watu wapatao arobaini wenye silaha walivuka ziwa kutoka iliyokuwa Zaire, wakaingia Gombe na kuwateka wanafunzi na watafiti wanne wa kigeni. Walikuwa waasi wa Laurent Kabila, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa Congo mwaka 1997. Mateka wote wanne walirudi hai baada ya wiki kadhaa. Lakini Gombe ilibadilika: wanafunzi wa kigeni waliondoka, na Jane Goodall mwenyewe, mtafiti aliyeanzisha kazi ya sokwe pale, hakuweza tena kukaa pale kama zamani. Waliobaki kufuatilia sokwe kila siku, daftari mkononi, ni Watanzania wa vijiji vya hapa. Usiku mmoja uliwaondoa wageni kwa miaka. Kazi ikaendelea kwa sababu wenyeji hawakuondoka. Kila nikiona jirani anataka kufunga nyumba kwa msimu mmoja mbaya, nakumbuka madaftari yale.

Wageni wote huogopa sawasawa?

Hapana, na hapa wenye nyumba wengi hukosea hesabu. Wa kwanza kukimbia ni familia ya Ulaya inayotembea na watoto, na wa mwisho kurudi ni haohao. Mtu wa kazi haachi. Wafanyabiashara wa Bujumbura, Uvira na Kalemie wanakuja kwa sababu bandari iko hapa. Watu wa mashirika wanakuja kwa sababu kambi ziko hapa. Mafundi wa reli ya SGR, kipande cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506, wanahitaji mahali pa kulala hata dunia iseme nini. Nyumba yangu ya Katubuka, iliyo mbali na ziwa na haina mandhari yoyote ya kupigia picha, haijawahi kulala njaa. Ya Bangwe, yenye machweo ambayo watu husafiri kuyaona, ndiyo hutikisika kila habari mbaya inapotoka.

Mbona mgeni aliahirisha kwa jambo lililotokea Dar?

Kwa sababu kwake Tanzania ni sehemu moja. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa Dar es Salaam. Hapa kwetu wageni walioghairi walikuwa wanakwenda hifadhi ya Mahale, mahali ambapo kelele ya usiku ni ya vyura na mawimbi. Zaidi ya hapo, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mgeni anatuma ujumbe, hajibiwi, anatuma tena, hajibiwi. Intaneti iliporudi nilikuta watu wawili wameshafuta, mmoja akiwa ameandika kwa upole kwamba ukimya wangu ulimtisha kuliko habari zenyewe.

Tangu hapo kila mgeni nampa namba ya simu ya kawaida pamoja na ya ndugu yangu aliye nje ya nchi.

Matangazo ya balozi yanasomwaje?

Yasome mwenyewe, usisimuliwe. Marekani hutumia ngazi nne: ya kwanza ni tahadhari za kawaida, ya nne ni usiende. Uingereza haitumii namba, huandika maeneo. Kwa miaka mingi ushauri wao kuhusu Tanzania umekuwa ukitaja maeneo ya mpaka wa Burundi, kwamba paliwahi kutokea ujambazi wa magari na kwamba uendeshe mchana tu. Mgeni akiniuliza, simwambii ni uongo. Namwambia ni kweli kwamba wameandika hivyo, kisha namwonyesha kwamba eneo linalozungumziwa ni barabara za mpakani, na kwamba yeye anakuja kwa ndege au kwa treni.

Tofauti ya kushika ni hii: "chukua tahadhari" na "usiende" si kitu kimoja kwa kampuni ya bima. Serikali ya Uingereza ikisema usiende, bima nyingi za safari za Waingereza hukosa nguvu, na wakala hathubutu kumpeleka mteja. Ikisema chukua tahadhari, bima inabaki. Wenyeji wengi huchanganya hayo mawili na kukata tamaa mapema.

Na "teleza"? Niseme au ninyamaze?

Swali gumu kuliko yote, na nitalijibu taratibu.

Mwaka 2019 vyombo vya habari viliripoti kwa upana habari za Kigoma Ujiji ambazo wanawake wa hapa walikuwa wakizijua tangu miaka kadhaa nyuma: wanaume waliojipaka oili ili wasishikike, wakivunja milango usiku na kuwabaka wanawake, hasa wanaoishi bila mwanamume ndani. Mtaani wakaitwa teleza. Polisi walikamata watu, wanaharakati walipaza sauti, na jina la mji likaenda mbali kwa aibu.

Siku zile wenye nyumba tulikaa kikao kisicho rasmi, na kauli iliyotawala ilikuwa kwamba habari hizi zinatuharibia biashara. Nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, na leo naona haya. Waliovunjiwa milango walikuwa akina mama wauza dagaa na mabinti waliopanga chumba kimoja chenye mlango wa mbao nyepesi na komeo moja. Hakuna aliyekuwa na uzio, mlinzi wala taa ya nje. Sisi tulikuwa navyo vyote, halafu tukalalamika kwamba wao ndio wametuchafulia jina.

Kwa hiyo mwanamke anayesafiri peke yake akiniuliza, namjibu yaliyotokea, mwaka, na aina ya nyumba zilizoguswa. Kisha namweleza mlango wake: ni wa chuma, una komeo mbili kwa ndani, dirisha lina nondo, na mama anayesafisha analala chumba cha uani. Sijawahi kupoteza mgeni kwa kusema hayo. Niliwahi kumpoteza mmoja kwa kunyamaza, kwa sababu alishayasoma mwenyewe na alikuwa ananipima.

Nishushe bei mpaka watu wasahau?

Usishushe. Bei ya kutupa kwenye mji unaoogopwa humthibitishia mgeni hofu yake: "Kumbe ndiyo maana ni rahisi." Mimi niliwahi kushusha kutoka elfu sabini hadi elfu thelathini na tano. Nikapata watu waliokuja kwa saa tatu na kuniachia chupa.

Fedha uliyotaka kupunguza iweke kwenye kumpokea mgeni. Mlipe bajaji wa kuaminika akamchukue uwanja wa ndege au stesheni, jina la dereva na namba ya chombo zikiwa zimetumwa kabla. Hofu ya mgeni huwa kali kuanzia anaposhuka hadi anapofunga mlango wa chumba. Akishavuka hapo, kesho yake utamwona sokoni Mwanga ananunua migebuka kama mzaliwa.

Kwenye tangazo la nyumba niandike nini kuhusu usalama?

Andika vitu vinavyoonekana. "Mtaa salama kabisa" ni maneno ambayo hata gesti ya ajabu huandika. Andika: barabara ni ya vumbi, mita mia mbili za mwisho hazina taa, geti hufungwa saa nne usiku, mlinzi yupo hadi alfajiri, kituo cha boda kiko dukani. Nilipoandika habari ya mita mia mbili bila taa, mke wangu alisema nimejimaliza. Wageni wakaanza kuandika kwenye maoni kwamba kila kitu kilikuwa kama kilivyoelezwa, na hiyo sentensi inauza kuliko picha za machweo.

Kumbuka pia kwamba Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba za siku chache, haimwonyeshi mgeni nyumba yako ilipo hasa mpaka alipie. Anaona duara kwenye ramani. Duara langu la Bangwe linagusa kipande cha mwalo chenye vibanda vya mabati. Nikaeleza kwa mdomo nyumba iko upande gani, maswali yakapungua.

Kamera nifunge?

Nje, ndiyo, na utaje kwenye tangazo. Ndani, hapana: tangu 30 Aprili 2024 Airbnb wamepiga marufuku kamera yoyote ndani ya nyumba, hata sebuleni, hata iliyozimwa. Na kwa kweli, taa ya sola yenye kuwaka mtu akipita imenifaa kuliko kamera. Kibaka haogopi kupigwa picha gizani. Anaogopa kuonekana na jirani.

Watalii wa ndani wanaogopa uchawi. Nawajibuje?

Kwa kicheko, halafu kwa heshima. Kijana wa Moshi aliniuliza kama ni kweli mtu hulala kitandani Kigoma akaamkia uwanjani. Nikamwambia kwa shuka zangu zile nilizonunua Dar, akitolewa nje naomba azirudishe. Hadithi hiyohiyo inasimuliwa Tanga, na Sumbawanga jina lake lenyewe maana yake ni tupa uchawi, na watu wanalala vizuri huko kote.

Upande usiochekesha ni huu: imani hizo zimeua watu kanda hii ya magharibi na ziwa, vikongwe kwa kusingiziwa na wenye ualbino kwa kuwindwa. Ndiyo maana sipendi mwenye nyumba anayepamba tangazo lake kwa "siri za waganga wa Kigoma" ili kuvuta watalii. Wageni utawapata, ila kuna mtu mtaani atakayelipia.

Nyumba za siku chache zenyewe haziletei mtaa uhalifu?

Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa reli, alinijia na swali hili mwaka wa kwanza, na hakuja kwa chai. Alisema: "Mwanangu, zamani nilijua kila anayepita hapa. Sasa kila wiki sura mpya. Nitamjuaje mwizi?"

Nilikuja kukuta kwamba watafiti wa Northeastern University walichapisha utafiti mwaka 2021 kuhusu mji wa Boston, Marekani. Mitaa ambayo Airbnb ziliongezeka ilikuja kuona vurugu zikiongezeka, lakini baada ya mwaka na zaidi, na hawakukuta kwamba watalii ndio waliofanya. Maelezo yao yalikuwa kwamba nyumba zikigeuka za wapita njia, majirani hupungua, na pamoja nao lile jicho la mtaa. Mzee wangu hakusoma chochote na alilisema kwa sentensi tatu.

Sisi watu wa magharibi tungepaswa kulijua hili kabla ya Boston. Sungusungu walianzia kwa Wanyamwezi na Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msingi huohuo, kwamba kila mtu anamjua kila mtu na filimbi ikilia wote wanatoka. Sasa nafanya hivi: mgeni wa zaidi ya siku mbili nampitisha kwa mzee kumsalimia. Wageni wanaipenda kuliko ziara ya mjini. Kitabu cha wageni kinajazwa kama gesti yoyote, jina, kitambulisho, anakotoka na anakokwenda. Mjumbe ana namba yangu. Sherehe haziruhusiwi, na anayetaka nyumba kwa saa chache namwelekeza kwingine.

Wageni wanashtushwa na ukaguzi barabarani. Je, ni dalili ya hatari?

Ni dalili ya mpaka. Ukija kwa basi utasimamishwa, uhamiaji watapanda na kuomba vitambulisho, na wenyeji wengine wataulizwa maswali mengi kuliko wewe, jambo linaloudhi sana watu wa hapa. Beba kitambulisho cha NIDA au pasipoti mahali unapoweza kuifikia bila kushusha begi.

Mgeni akiibiwa kweli, nifanye nini?

Nenda naye polisi, usimpe maelekezo tu. Achukue RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, maana bima yake itaidai. Mletee mjumbe. Mwambie mgeni mwenyewe atume ujumbe nyumbani kwao kabla hawajasikia kwingine. Usimwombe asiandike kwenye maoni. Nilishaona mwenyeji akifanya hivyo, na mgeni akaandika wizi kwa mstari mmoja na ombi lile kwa mistari kumi. Kwenye Airbnb mna siku kumi na nne za kuandikiana, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote mmeandika au muda umekwisha. Tumia nafasi yako kueleza ulichofanya saa ile.

Kwangu imetokea mara moja, simu iliyochukuliwa dirishani kwa ndoano ya waya. Nondo zilikuwepo, wavu haukuwepo. Sasa upo.

Jina la mji linaweza kusafishika?

Medellín, Colombia, mwaka 1991 ilikuwa na mauaji karibu 380 kwa kila watu laki moja. Leo watalii wamejaa, na wenyeji wanalalamika kwamba nyumba za siku chache zimepandisha kodi. Lakini Januari 2024 ubalozi wa Marekani ulilazimika kuonya raia wake kuhusu watu wanaokutana nao kwenye programu za uchumba, baada ya Wamarekani wanane kufa mjini humo ndani ya miezi miwili. Linasafishika, kisha linataka kusafishwa tena.

Kwa hiyo hatari kubwa kwa mtalii Kigoma ni ipi?

Ziwa, na mbu. Boti za Kibirizi kwenda upande wa Gombe hujaa kupita kiasi, na upepo wa mchana hauna utani. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama wenzako wanakutazama. Lala ndani ya chandarua.

Tabora je, ni salama kuliko Kigoma?

Shemeji zangu wako Tabora. Siwezi kujibu.

Nifike saa ngapi?

Mchana, ukiweza. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, Oktoba 2023, wageni hunifikia saa tisa za usiku wakiwa wamechoka na wana mashaka na kila kivuli. Treni ina ratiba yake na ina tabia zake, kwa hiyo nipigie ukishapita Uvinza, nami namtuma bajaji. Ukifika usiku, usishuke kabla hajataja jina lako. Geti ni la bluu, na mbwa anabweka tu.